Bei ya Kuezeka Upya: Kwa Nini Paa Moja Hupata Makadirio Matatu

Mwenye nyumba ambaye paa lake limeanza kuvuja huita mafundi watatu, na kila mmoja hupanda ngazi, hutazama, huteremka na kutaja bei yake. Bei ya juu kabisa yaweza kuwa maradufu ya ile ya chini. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza: mwenye nyumba huamini kwamba mmoja wa mafundi hao anataka kumwibia, majirani humwambia kwamba nyumba yenye ukubwa kama wa kwake iliezekwa kwa nusu ya kiasi hicho, na kwenye mitandao ya kijamii atakutana na watu wanaojibu swali la bei ya paa kwa kumtajia bei ya bati moja. Naona kosa linalorudiwa ni lile lile. Watu hulinganisha bei kabla ya kulinganisha kazi. Mafundi wale watatu huenda wote wamesema kweli, ila kila mmoja amepiga hesabu ya paa alilolifikiria yeye, na mapaa hayo matatu hayafanani.

Makala haya yanajaribu kufungua fundo hilo, ili mtu anapopokea karatasi ya makadirio aweze kuona kilichomo na, jambo lililo muhimu zaidi, kisichokuwamo.

Maneno kabla ya fedha

Tuanze na mwavuli. Mwavuli una kitambaa kinachozuia mvua na una mbavu zinazokishikilia kitambaa hicho. Paa nalo liko hivyo. Kitambaa chake ni ezeko, yaani mabati, vigae, nyasi au kitu kingine chochote kinachokutana na mvua na jua. Mbavu zake ni mbao au vyuma vya ndani: kenchi zinazobeba mzigo wote na kuupeleka ukutani, mtambaapanya, yaani mbao inayolala juu ya ukuta na kuzipokea kenchi hizo, na papi, ambazo ni mbao nyembamba zinazokatiza juu ya kenchi na ndizo zinazopigiliwa misumari au skrubu za bati. Baina ya kitambaa na mbavu kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: kofia ya juu pale miteremko miwili inapokutana, mabati ya kuzibia maungio ya paa na ukuta, mbao za kufunika ncha za kenchi kwenye upenu, mifereji ya maji, na skrubu zenyewe.

Kwa hiyo mtu anaposema anataka "kubadilisha paa," anaweza kuwa anataja mojawapo ya kazi tatu. Ya kwanza ni ukarabati, ambapo sehemu iliyoharibika hurekebishwa na nyingine huachwa. Ya pili ni kuezeka upya: ezeko la zamani huezuliwa lote na jipya kuwekwa juu ya mbao zilezile. Ya tatu ni kujenga paa upya, mbavu na kitambaa pamoja. Kazi hizi tatu hutofautiana kwa gharama kama zinavyotofautiana kushona kifungo, kubadilisha bitana na kushona koti jipya. Fundi aliyeona kwamba papi zimeoza akataja bei ya kazi ya tatu hawezi kulingana na fundi ambaye hakuingia darini akataja bei ya kazi ya pili.

Nyumba ya mita 120 si paa la mita 120

Upotovu wa pili ni kupima paa kwa ukubwa wa nyumba, au kwa idadi ya vyumba, jambo ambalo halina msingi kabisa. Chukua kitabu, kifungue nusu, kisha kisimamishe mezani kifudifudi kama hema. Eneo la meza lililo chini yake ni dogo kuliko eneo la majalada yake mawili, na kadiri unavyokisimamisha wima zaidi, ndivyo majalada yanavyofunika sehemu ndogo zaidi ya meza. Paa ni kitabu hicho.

Tufanye hesabu. Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 120. Paa hutoka nje ya ukuta ili maji yasiuchafue, na tukiacha upenu wa sentimita 60 kila upande, vipimo vinakuwa mita 13.2 kwa 11.2, yaani karibu mita za mraba 148. Hapo bado hatujainua mteremko. Paa la pande mbili likiinuliwa kwa nyuzi 15, eneo la kuezekwa linafika takriban mita za mraba 153. Kwa nyuzi 30 linafika 171. Kwa nyuzi 45 linapita 200. Nyumba ni ileile na kuta ni zilezile. Ndiyo sababu jirani anayesema "nyumba yetu ni sawa na yenu" anaweza kuwa na haki kuhusu sakafu na akawa amekosea kabisa kuhusu paa.

Kutoka kwenye mita za mraba tunakwenda kwenye idadi ya mabati, na hapo eneo huongezeka tena. Mabati hayawekwi ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni, bali moja hulala juu ya ukingo wa jingine ili maji yasipenye. Tuseme bati lina upana wa sentimita 90, lakini likishawekwa linafunika sentimita 76 tu. Maana yake ni kwamba karibu asilimia 16 ya kila bati ulilolinunua imelala chini ya bati la pili. Kwa paa letu la mita za mraba 171, itabidi kununua bati la mita za mraba zipatazo 203, na bado hatujahesabu kupandana kwa ncha pale ambapo bati moja halifiki kutoka kwenye kofia hadi kwenye upenu. Nyumba ya mita 120, bati la mita 203. Huu si wizi, bali ni jiometria. Muuzaji akikutajia bei, muulize inahesabiwa kwa upana wote wa bati au kwa upana unaofunika, kwa kuwa bei mbili zinazoonekana tofauti zinaweza kuwa sawa, na zinazoonekana sawa zinaweza kuwa tofauti.

Umbo nalo lina gharama yake. Paa la miteremko miwili lililonyooka hukatwa kidogo sana. Paa lenye pembe nyingi, lenye miteremko inayokutana na kufanya bonde, lenye vijipaa juu ya madirisha, hulazimisha mabati kukatwa kimshazari, na kila mkato huacha kipande ambacho hakifai mahali pengine. Mshonaji hujua kwamba gauni la marinda hula kitambaa kuliko gauni la kunyooka hata kama yote mawili atayavaa mtu mmoja. Zaidi ya hasara hiyo, kila bonde na kila muungano ni mahali ambapo maji hukusanyika, na ndipo paa hushindwa kwanza. Mtu anayelipa zaidi kwa umbo la madaha hulipa mara mbili: siku ya kuezeka, na tena siku ya kuziba.

Kitambaa chenyewe

Kuhusu mabati, neno linalowachanganya wengi ni geji. Geji ni namba ya unene inayokwenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, nalo la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Mnunuzi asiyejua hilo anaweza kuchagua namba kubwa akidhani amepata bati imara. Tena namba hizo hazitafsiriwi kwa namna moja na watengenezaji wote, kwa hiyo ni salama zaidi kudai unene kwa milimita, na kuuliza kama milimita hizo ni za chuma kitupu au ni pamoja na zinki na rangi. Unene unaobeba mzigo ni ule wa chuma.

Hata hivyo, unene peke yake hauamui bati litaishi miaka mingapi. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na kinachokizuia ni tabaka la zinki, au la mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, lililopakwa juu yake kiwandani. Zinki ina tabia ya kujitoa mhanga: hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Siku zinki inapokwisha, ndipo kutu huanza kazi yake. Wingi wa zinki hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na alama kama Z275 ina maana ya gramu 275 za zinki, pande zote mbili za bati zikijumlishwa. Mabati mawili yenye unene mmoja na rangi moja, moja likiwa na gramu 275 na jingine likiwa na gramu 100, yatauzwa kwa bei tofauti, na hakuna jicho linaloweza kuyatofautisha dukani. Rangi, ambayo ndiyo watu wengi huitazama kwanza, ni ngao ya nje tu. Karibu na bahari, ambako hewa ina chumvi, tofauti hiyo ya zinki huonekana mapema sana.

Vigae vinaleta suala jingine, nalo ni uzito. Vigae vya saruji huwa na uzito wa takriban kilo 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Kwa paa letu la mita za mraba 171, hizo ni takriban kilo 6,800 hadi 8,550, wakati mabati ya milimita 0.4 kwa paa hilohilo hayafiki kilo 1,000. Mtu anayetaka kuondoa mabati na kuweka vigae vya saruji anaipandishia nyumba mzigo wa lori, na kenchi zilizopangwa kwa ajili ya bati hazikuandaliwa kwa hilo. Makadirio ya vigae yasiyosema lolote kuhusu kenchi hayajakamilika. Kinyume chake nacho kina mtego ambao hutajwa mara chache: anayeondoa vigae vizito na kuweka bati jepesi anaondoa ule uzito uliokuwa ukilishikilia paa wakati wa upepo. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo paa jepesi linahitaji kufungwa ukutani kwa vyuma, na skrubu zake ziwe za karibu zaidi kwenye kingo na pembe, ambako mvuto huo ni mkali kuliko katikati.

Fedha zisizoonekana kwenye karatasi

Kabla ya kuezeka kuna kuezua. Kazi hii huchukua siku, huhitaji watu, na huacha lundo la takataka ambalo lazima mtu alipakie, alisafirishe na alipie mahali pa kulitupa. Fundi mmoja ameihesabu. Mwingine ameiacha akitegemea kwamba utalishughulikia mwenyewe. Vivyo hivyo jukwaa la kupandia na mikanda ya usalama: nyumba ya ghorofa au yenye mteremko mkali haiwezi kuezekwa kwa ngazi mbili na ujasiri. Ninaposikia fundi akijivunia kwamba bei yake ni nafuu kwa kuwa vijana wake hawahitaji kamba, naona bei hiyo imepatikana kwa kuweka shingo za watu rehani, na mwenye nyumba mwenye utu hapaswi kuikubali.

Kuna aina moja ya kuezua ambayo ni tofauti na zote. Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa mabamba ya saruji yenye asbestosi, ambayo ni madini ya nyuzinyuzi. Bamba likiwa zima halina hatari kubwa, lakini likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likisuguliwa kwa brashi, nyuzi zake huruka hewani zikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana, huingia mapafuni na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Kwa sababu hiyo, mabamba haya huondolewa yakiwa mazima na yakiwa yameloweshwa, na watu waliofundishwa, wenye barakoa maalumu, kisha hufungwa na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Gharama yake ni kubwa, na ni halali. Kama hujui paa lako ni la kitu gani, kipande kidogo kipelekwe maabara kabla ya mtu yeyote kupanda na nyundo. Hapa ndipo makadirio ya bei ya chini hutisha kweli, maana anayeacha gharama hii hajaifuta. Amewahamishia watoto wa nyumba hiyo na majirani zao.

Halafu kuna mbao. Hakuna fundi anayeweza kuona kila papi kabla ya kuezua, kama vile daktari wa meno asivyoweza kujua ukubwa wa tundu la jino kabla ya kulisafisha. Mchwa, dumuzi na unyevu wa miaka hufanya kazi gizani. Ugomvi mwingi kati ya wenye nyumba na mafundi huzaliwa siku ya pili ya kazi, paa likiwa wazi na mawingu yakikusanyika, fundi anaposema mbao 20 zimeoza na kutaja bei ambayo mwenye nyumba hana nguvu ya kuikataa. Dawa ya ugomvi huo ni rahisi na hufanywa mapema: mkubaliane kwa maandishi bei ya kila mita ya mbao itakayobadilishwa, pamoja na ufundi wake, kabla bati la kwanza halijang'olewa. Idadi haitajulikana, lakini bei ya moja itajulikana. Juu ya hapo, tenga akiba ya dharura. Kwangu mimi asilimia 10 ni ya chini kwa nyumba yenye umri, na asilimia 15 hainishangazi. Unaweza pia kupunguza giza hilo mwenyewe: ingia darini ukiwa na tochi na bisibisi, bonyeza ncha yake kwenye mbao zilizo chini ya madoa ya maji, na ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha.

Vitu vidogo vinavyoamua

Ukiniuliza ni wapi pa kukataa kubana matumizi, sitataja bati. Nitataja skrubu na maungio. Bati la chuma lenye urefu wa mita 6 hurefuka kwa karibu milimita 4 joto lake linapopanda kwa nyuzijoto 50, na jua kali baada ya usiku wa baridi huweza kulibadilisha kwa kiasi hicho. Kila siku bati hutanuka na kusinyaa, na kila siku hutikisa kila msumari. Misumari ya kawaida hulegea taratibu na matundu yake hupanuka. Skrubu zenye raba hushika vizuri zaidi, lakini raba duni hukauka na kupasuka muda mrefu kabla ya bati kuchoka, na skrubu iliyokazwa kupita kiasi huibana raba mpaka ikatoka pembeni. Gharama ya skrubu bora ni sehemu ndogo sana ya gharama yote. Kuzibadilisha baadaye ni kazi ya siku nzima juani.

Metali nazo zina uhasama wao. Maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hula zinki iliyo chini yake, na saruji mbichi hula aluminiamu. Mabati yakikatwa kwa grainda, cheche za moto huunguza tabaka la kinga na kuacha vijichembe vya chuma vinavyoota kutu ndani ya muda mfupi, hivyo mabati mapya huonekana ya zamani kabla ya mwaka kwisha. Mkasi wa bati haufanyi hivyo. Fundi anayejua mambo haya hutoza zaidi kwa sababu kazi yake ni ya polepole.

Mifereji ya maji huachwa nje ya makadirio mara nyingi mno. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji, na kwa kuwa mvua hushuka kutoka juu, tunahesabu eneo la kivuli cha paa, si la mteremko wake. Paa letu lenye kivuli cha mita za mraba 148 litapokea karibu lita 3,000 katika mvua moja ya milimita 20. Maji hayo yote yakianguka kandokando ya ukuta, yatachimba msingi na kurusha matope ukutani. Anayeahirisha mifereji huongeza gharama ya ukuta.

Dhana tatu za kuachana nazo

Dhana ya kwanza ni kwamba paa linalovuja limekwisha. Maji hupenya mahali pamoja, hutembea juu ya papi au chini ya bati, kisha hudondoka mita kadhaa kutoka hapo. Doa kwenye dari halionyeshi tundu lilipo. Mapaa mengi yaliyohukumiwa kufa yalihitaji skrubu mpya, kofia iliyopangwa upya au bati moja la kuzibia muungano wa ukuta. Ingia darini mchana wa jua uone nukta za mwanga, kisha uingie tena wakati wa mvua na chaki mkononi. Ikiwa kutu imezunguka matundu ya misumari tu, karabati. Ikiwa imeenea pale mabati yanapopandana, na bati linapinda kama karatasi ukilibonyeza, basi viraka vitakugharimu zaidi ya paa jipya.

Dhana ya pili ni kuezeka juu ya ezeko la zamani ili kuokoa gharama ya kuezua. Ziko hali ambazo wataalamu huruhusu jambo hili kwa mpango maalumu, lakini kwa nyumba ya kawaida yenye mabati yaliyooza sioni faida yake. Unyevu hunaswa kati ya tabaka mbili, kutu ya chini huendelea, skrubu ndefu hushika mbao ambazo hakuna aliyezikagua, na uzito huongezeka.

Dhana ya tatu ni kwamba ufundi uhesabiwe kuwa sehemu fulani ya bei ya vifaa. Kanuni hii hupendwa kwa kuwa ni rahisi, lakini huelekeza faida mahali pabaya: fundi hupata zaidi unaponunua vifaa vya ghali, hata kama kazi ya kuviweka ni ileile. Ni bora ufundi uhesabiwe kwa mita ya mraba ya paa, na kazi za pekee kama mabonde na maungio zitajwe kwa bei yake.

Ghali kwa kipimo gani?

Bei ya siku ya kwanza si kipimo kizuri cha unafuu. Tuseme paa la kwanza linagharimu 100, kwa fedha yoyote, nalo linadumu miaka 15. La pili linagharimu 160 na linadumu miaka 40. La kwanza linakula karibu 6.7 kila mwaka, la pili linakula 4. Na hesabu hiyo bado inalipendelea la kwanza, kwa sababu baada ya miaka 15 utalipa tena kuezua, jukwaa na usafiri. Nasema hivi nikitambua kwamba kuna familia zisizo na 160 leo, na mvua haisubiri mtu aweke akiba. Kwao ushauri wangu ni kutopunguza kila kitu kwa pamoja: chagua ezeko la bei ya kati na umbo rahisi, lakini mbao, vyuma vya kufungia na skrubu viwe vya kudumu, ili atakayeezeka mara nyingine abadilishe kitambaa peke yake na mbavu azikute zikiwa nzima.

Dhamana nayo isomwe taratibu. Dhamana ya mtengenezaji huhusu bati, na mara nyingi hutenganisha miaka ya kufifia kwa rangi na miaka ya bati kutoboka. Haihusu bati lililofungwa vibaya. Hiyo ni dhamana ya fundi, ambayo lazima iandikwe peke yake. Bima ya nyumba kwa kawaida hulipa uharibifu wa ghafla kama wa dhoruba au mti ulioanguka, na hukataa uchakavu wa miaka, hivyo picha za paa likiwa zima ni ushahidi wa kuhifadhiwa.

Kabla ya kuita mafundi, basi, andika kazi yenyewe kwenye karatasi moja na umpe kila mmoja nakala ileile: eneo la paa kwa mteremko wake, aina ya ezeko pamoja na unene wake kwa milimita na gramu zake za zinki, nani anaezua na nani anaondoa takataka, skrubu za aina gani, maungio yapi, mifereji imo au haimo, bei ya mita ya mbao, na nani atalipia vitu vya ndani vikilowa paa likiwa wazi usiku. Bei zitakazorudi zitakuwa za paa moja, na tofauti zitakazobaki utaweza kuziuliza kwa jina. Malipo yafuate hatua: sehemu vifaa vinapofika na kukaguliwa, sehemu mbao zinapokamilika kabla hazijafunikwa, sehemu ezeko linapokwisha. Kiasi cha mwisho kibaki mkononi mwako, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo, mpaka paa lipate mvua yake kubwa ya kwanza na wewe uwe umeingia darini na tochi.